Barua ya Askofu Weston, na Barua Yangu

Msafiri anayetoka Kilole kwenda Tanga hupita Muheza, na kutoka Muheza si mbali kufika Magila, alikozikwa Askofu Frank Weston wa Zanzibar. Alifariki pale Hegongo tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo Kanisa huwaombea marehemu wote. Sisi tuliolelewa katika Kanisa la Anglikana la upande huu, lile lililoletwa na wamisionari wa UMCA, jina lake tulilikuta nyumbani kama mtu anavyolikuta jina la babu yake. Hatukumwona, lakini tulijua kwamba ubani tunaofukiza, Misa tunayoiita Misa na padre tunayemwita padre, yote hayo alisimama kuyatetea.

Wanaomtaja siku hizi humtaja kwa hotuba yake ya mwaka 1923 mjini London, alipowaambia Waanglikana wenye mapokeo kama yetu kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni na kumpita katika vibanda vya maskini. Ni hotuba inayostahili kukumbukwa. Ila wanaoinukuu ni wengi kuliko waliowahi kusoma maandishi yake mengine, hasa yale yaliyompa jina la mgomvi. Mimi nataka kuyazungumzia hayo ya ugomvi. Padre mmoja mstaafu aliniachia nakala ya kijitabu chake cha mwaka 1913, mchwa wamekwisha kula pembe moja, nami nimekisoma mara nne. Nataka kukihakiki kama nilivyokuwa nikihakiki insha ya mwanachuo: nini kimesemwa, kimesemwa vipi, na nini kimeachwa.

Kwanza nieleze kilichotokea. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, nchini Kenya, kwenye misheni ya Wapresbiteri wa Scotland. Walikuwapo Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri wenyewe, watu wa Africa Inland Mission, Wamethodisti na wengineo. Mwenyekiti alikuwa Askofu J. J. Willis wa Uganda. Walikubaliana juu ya mpango wa shirikisho: kila misheni iwe na eneo lake, wote washike Maandiko Matakatifu na kanuni za imani za zamani, na Mkristo wa dhehebu moja akisafiri kwenda eneo la dhehebu lingine apokelewe kwenye Meza ya Bwana. Mwisho wa mkutano, katika kanisa la Wapresbiteri, Askofu W. G. Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu kwa kitabu cha Sala cha Kianglikana, na wajumbe ambao hawakuwa Waanglikana walishiriki. Mhubiri alikuwa mchungaji wa Kanisa la Scotland.

Habari zilipofika Zanzibar, Weston aliwaka. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akataka maaskofu hao wawili washtakiwe kwa kueneza uzushi na kuleta mfarakano. Kisha akachapisha barua ya wazi ambayo kichwa chake ni swali: Kanisa la Uingereza linasimamia nini? Humo alifunga pamoja mambo matatu. Wanazuoni wa Oxford walikuwa wametoa kitabu mwaka 1912 ambacho kwa maoni yake kilitikisa imani yenyewe, nao hawakuguswa. Maaskofu wa Kikuyu walikuwa wameshirikiana na watu wasio na uaskofu, nao hawakuguswa. Lakini padre anayeomba maombezi ya watakatifu alizuiwa kufanya kazi. Je, Kanisa gani hili?

Kama kazi ya uandishi, barua ile ni hodari. Weston alikuwa mwalimu kabla ya kuwa askofu. Kabla ya mwaka 1908 alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani, Unguja, chuo kilichofundisha walimu. Nadhani ualimu huo unaonekana. Hamwachii msomaji nafasi ya kujificha. Analeta jambo, anauliza swali, halafu anakungoja ujibu. Hasemi “baadhi ya watu” wala “inasemekana”. Na kuna jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko ufundi wa maneno: alikataa kusema kwamba tofauti ile ni ndogo. Watu wengi walitaka aseme hivyo, aseme kuwa uaskofu ni utaratibu tu wa kuendesha ofisi, kama vile kampuni moja ina meneja na nyingine ina kamati. Yeye aliamini kwamba askofu ni kiungo kinachoushikanisha ushirika wa leo na mitume. Mtu akiamini hivyo hawezi kuliweka jambo hilo kando kwa ajili ya adabu.

Hapa niseme kidogo juu ya wale wa Kikuyu, maana mpango wao mimi mwenyewe nimewahi kuutumia bila kujua. Nilipokuwa mkuu wa chuo tulikuwa na wanachuo Waanglikana, Walutheri kutoka Lushoto na Bumbuli, Wapentekoste na Wasabato. Wakatoliki walikuwa na padre wao. Ibada ya pamoja ya Jumapili jioni ilizua ugomvi kila muhula: huyu amehubiri juu ya ubatizo wa maji mengi, yule amenena kwa lugha, mwingine ametaja Jumamosi. Nikaweka amri. Mhubiri asiguse ubatizo, wala lugha, wala siku ya Sabato, wala Mama Maria, wala pombe. Ugomvi ulikwisha. Baada ya mwaka mmoja niligundua kwamba mahubiri yote yalikuwa juu ya usafi wa mabweni na kuwahi vipindi. Wanachuo walikuja wachache, na waliokuja walisinzia. Nilikuwa nimepata amani kwa kuondoa kila kitu ambacho mtu angeweza kukipenda.

Watu wa Kikuyu hawakufika mbali kiasi hicho, nisiwaonee. Walikuwa watu wema waliochoshwa na aibu ya kuwaletea Waafrika ugomvi wa Ulaya. Mwafrika anayetoka eneo la misheni moja kwenda kutafuta kazi eneo la misheni nyingine akutwe hana kanisa? Hilo ni swali halisi. Kwetu lilikuwapo pia: kwa sehemu kubwa Wabondei waliingia Uanglikana kwa sababu Waingereza wa UMCA walikaa Magila, na Washambaa wakaingia Ulutheri kwa sababu Wajerumani walipanda mlimani miaka ya 1890, na reli ya Wajerumani ilipofika Korogwe mwaka 1902 ikawakutanisha wote stesheni. Sijapata kusikia mtu wa hapa aliyechagua kati ya Luther na Canterbury kwa kulinganisha mafundisho. Alichagua kwa shule iliyokuwa karibu.

Basi nilidhani, nikisoma mara ya kwanza, kwamba kosa la Weston ni ukali. Siku hizi sidhani hivyo. Kosa la barua ile liko kwenye ukurasa wa kwanza, kabla hoja haijaanza. Imeandikwa kwa Askofu wa St Albans, Uingereza. Imechapwa London. Imeandikwa kwa Kiingereza cha watu waliosoma pamoja, wanaojuana kwa majina ya vyuo vyao. Askofu wa Mombasa, ambaye kutoka Unguja alikuwa jirani kwa meli, anatajwa kama mtu asiyekuwapo chumbani. Barua inamhusu yeye, wala haizungumzi naye. Kila hoja iliyomo, hata ile ya kweli kabisa, inapoteza nguvu kwa sababu hiyo, kwani msomaji wake haitwi kuamua imani. Anaitwa kuwa baraza la mashtaka.

Tena kuna wasiokuwapo zaidi ya Askofu Peel. Pande zote mbili zilisema zinamtetea Mwafrika. Kikuyu walisema Mwafrika asibebeshwe migawanyiko ya wageni. Weston alisema Mwafrika asipewe Kanisa pungufu. Lakini mkutano wa Kikuyu ulikuwa mkutano wa wamisionari, na barua ya Zanzibar ni barua ya Mwingereza kwa Mwingereza. Wakati ule upande wetu Yohana Swedi alikuwa amekwisha kupewa ushemasi tangu mwaka 1879, na Cecil Majaliwa upadre tangu mwaka 1890. Hawakuwa watoto wa kusemewa. Na matokeo ya kutouliza yalionekana. Mwaka 1929, palepale Kikuyu, mgogoro juu ya tohara ya wasichana uliwatoa watu kwa maelfu katika misheni zile, wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe. Wataalamu wa mwaka 1913 walikuwa wamebishana kuhusu nani aweke mikono juu ya nani, na mfarakano mkubwa wa nchi ile ulipokuja ulitokea mlango ambao hakuna aliyekuwa akiulinda.

Jibu la Canterbury nalo nisilipite kimya. Askofu Mkuu alikataa kufungua kesi ya uzushi. Alilipeleka suala kwa kamati ya maaskofu mwezi Julai 1914, na majibu yakatoka Pasaka ya mwaka 1915, vita vikiwa vimekwisha anza. Kwa kifupi: mgeni asiye na kanisa lake karibu aweza kukaribishwa Meza ya Bwana, Mwanglikana asihimizwe kupokea ushirika kwa wasio na maaskofu, na ibada kama ile ya Kikuyu isirudiwe. Waingereza walifanya mzaha kwamba kamati imeona ibada ile ilimpendeza Mungu sana ila ni marufuku kuifanya tena. Nami hucheka kila nikiukumbuka mzaha huo. Lakini kama aliyewahi kuongoza vikao vya wakufunzi namwelewa Davidson. Kuna majibu ambayo hutolewa ili muda upite.

Weston hakungoja muda upite. Mwaka huo huo wa 1915 alitangaza kwamba Zanzibar imevunja ushirika na Askofu wa Hereford, kwa sababu alimpa cheo mhariri wa kile kitabu cha Oxford. Sina hakika kama kuna Mkristo mmoja wa Mkunazini aliyekuwa na safari ya kwenda Hereford.

Sasa nifike kwenye sababu iliyonifanya niirudie barua hii mara nne.

Mwaka 1994 mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ameolewa Mombo, aliingia kanisa moja la kiroho na akabatizwa upya mtoni. Tulibatizwa sote wawili kanisa moja, kisima kimoja, na mama yetu alikuwa na tabia ya kututajia tarehe. Mimi wakati huo nilikuwa mkufunzi, na ndani ya parokia nilihesabiwa mtu mwenye elimu. Nikaandika barua ya kurasa nne. Nilieleza kwamba ubatizo ni mmoja, kama tunavyokiri katika kanuni ya imani; kwamba kubatizwa tena ni kusema Mungu hakuwapo mara ya kwanza; kwamba anayefanya hivyo amemkana mama yake na Kanisa lake. Ilikuwa barua nzuri. Niliipeleka kwa mchungaji wake, nakala kwa padre wetu, nakala kwa wazee wawili wa ukoo. Kwake yeye sikupeleka nakala. Kutoka Kilole hadi Mombo ni mwendo usiotimia saa moja kwa basi.

Hakujibu, angejibu nini, naye hakuandikiwa? Alisomewa barua ile mbele ya watu. Miaka miwili tulikaa bila kuonana. Mwaka 1996 mama alifariki. Mdogo wangu alikuja mazishini akakaa nyuma kabisa, pamoja na majirani, na wakati wa Misa ya mazishi hakuna aliyemwita aje mbele walipokaa watoto wa marehemu. Mimi niliyekuwa napanga watu nilimwona. Nilijiambia kwamba ni yeye aliyejitenga.

Mwaka uliofuata ndipo nilipopewa kile kijitabu na yule padre mstaafu. Nilipofika ukurasa wa kwanza, nikaona jina la Askofu wa St Albans, niliweka kitabu chini. Si kwamba nilitubu palepale, nisijipambe. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimemhesabu Weston kuwa upande wangu.

Kilichonisaidia zaidi ni kujua alichofanya baadaye, na hiki ndicho ambacho wanaomsifu na wanaomlaumu huwa hawakitaji. Mwezi Julai 1918 ulifanyika mkutano wa pili Kikuyu, na safari hii Weston alikwenda. Kumbuka kwamba katikati hapo alikuwa ameongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar vitani bara, na amewaona watu wake wakifa njiani bila kuulizwa dhehebu. Alifika Kikuyu na imani ileile. Hakuwaambia kwamba uaskofu ni jambo dogo. Aliwaambia waupokee, bila kuwalazimisha waueleze kwa nadharia yake. Lakini akaongeza jambo ambalo mwaka 1913 lisingeweza kuingia katika barua yake: kwamba yeye naye yu tayari kusimama mbele ya mikutano yao na kupokea kutoka kwao kibali cho chote wanachokitaka, ili huduma yake ikubalike kwao. Yaani aliwaomba watoe kitu, naye akaweka kitu chake mezani.

Hawakukubali. Wapresbiteri na Africa Inland Mission hawakuweza. Misheni nne zikatia sahihi umoja wa namna nyingine, mdogo zaidi, na kutokana na umoja huo ilizaliwa Alliance High School mwaka 1926. Weston aliondoka bila alichokitaka. Lakini miaka miwili baadaye, katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1920, maaskofu wa Anglikana walitoa mwito kwa Wakristo wote, na ndani yake mna wazo hilohilo: kwamba maaskofu wenyewe wako tayari kupokea kibali kutoka kwa makanisa mengine. Weston alikuwa mmoja wa walioutengeneza. Na Jimbo la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1960, waliokikalia kiti chake na kiti cha Peel walijikuta katika baraza moja la maaskofu. Tanzania tumeurithi mchanganyiko huo: kuna dayosisi za ubani na dayosisi za uamsho, tunachekana kidogo, tunakaa.

Peel hakuyaona haya. Alifariki mwaka 1916, kwa hiyo Weston alipofika Kikuyu mtu mmoja kati ya wawili aliowashtaki hakuwapo tena.

Yapo ya kulaumu hata mwaka 1918. Waafrika bado hawakuwa wenye kauli mezani. Na kuna wanaosema pendekezo lake lilikuwa mtego wa kistaarabu: toeni mlicho nacho, nami nitawapa kitu nisichokihitaji. Nimelifikiri hilo sana, silikubali. Kwa mtu aliyeamini kuhusu upadre kama alivyoamini yeye, kupiga magoti mbele ya Wapresbiteri ili apewe kibali hakukuwa jambo rahisi. Ukilinganisha maandishi yake, yale ya mwaka 1913 yana hoja nyingi zaidi, yamepangwa vizuri zaidi, na mwalimu angeyapa alama za juu. Pendekezo la mwaka 1918 ni fupi na limekataliwa. Mimi hilo fupi ndilo ninalolisoma kama kazi ya askofu.

Nilipanda basi kwenda Mombo mwaka 1997, siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Mdogo wangu alinipokea, akanikaribisha kiti, akaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Alipotoka nilimwuliza swali ambalo halikuwamo katika kurasa zangu nne: ilikuwaje? Akaniambia, “Kaka, miaka mitatu hukuniuliza.” Kisha akanieleza habari za mtoto wake wa pili, homa ya usiku, mume akiwa safarini, na akina mama watatu wa kanisa lile waliokuja bila kuitwa wakakaa hadi asubuhi, wakisali na kumkanda mtoto kwa maji. Parokia yetu ilikuwa na kigango palepale Mombo. Hakuja mtu.

Nilimwambia bado naamini ubatizo ni mmoja, na kwamba wa kwanza ulikuwa ubatizo kweli. Akasema anajua ninaamini hivyo, barua yangu ilisomwa kwa sauti. Nikaomba radhi kwa nakala zile. Hatukukubaliana juu ya mto, na mpaka leo hatujakubaliana. Yeye ananiombea niokoke, nami jina lake nalitaja kwenye Misa.

Tulipokaa kula aliomba yeye, sala ndefu ya macho kufumba, ugali ukapoa. Aliposema amina nikafanya ishara ya msalaba kama nilivyozoea. Mtoto yule wa homa, sasa yu mkubwa wa kutosha kushangaa, alinitazama mkono, kisha akamtazama mama yake. Mdogo wangu akamwambia, “Kula. Mjomba ndivyo wanavyosali kwao.”